Watoto kwenye matangazo na filamu: kibali chao kinatoka ofisi gani?

Mzee wa Lokesheni (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu kidogo, nivumilieni.

Mimi ni mratibu wa upigaji picha hapa Dar, mwaka wa 11 huu. Ndiye ninayetafuta nyumba ya kukodi kwa siku mbili, jenereta lisilopiga kelele, wali wa watu 40, na mtoto wa miaka 5 mwenye meno yote ya mbele. Hilo la mwisho ndilo lililonileta humu.

Mwaka jana tulifanya kazi na wageni kutoka Johannesburg. Kikao cha kwanza tu, mama mmoja wa kwao akafungua faili, akauliza vibali vya watoto viko wapi. Nikamsogezea karatasi ya Bodi ya Filamu. Akaisoma mbele na nyuma, akanirudishia. "Hiki ni cha kamera. Mimi naulizia cha mtoto."

Nikamwambia nitafuatilia. Kesho yake nikazunguka ofisi tatu. Ya kwanza ikanituma ya pili, ya pili ikasema suala hilo ni la ya kwanza. Kwenye ya tatu, dada wa mapokezi akaniuliza, "Mtoto mwenyewe ni wako?" Nikasema si wangu. "Basi mzazi wake aandike barua." Tukaishia hapo: barua ya mzazi kwenye karatasi iliyochanwa kwenye daftari la hesabu. Yule mama aliipiga picha kwa simu yake kama mtu anayepiga picha mnyama ambaye hajawahi kumuona.

Kwao mtoto wa chini ya miaka 15 haajiriwi. Ila tangu 2004 wana kanuni ya kisekta, ya 10 kwenye mlolongo wao, inayohusu watoto kwenye matangazo, sanaa na shughuli za utamaduni peke yake. Mwenye kazi anaomba kibali idara ya kazi kabla kamera haijawashwa, na kibali kinakuja na masharti yake: saa, mapumziko, masomo, mtu wa kumwangalia mtoto. Hakuwa ananionea. Alikuwa anauliza kitu ambacho kwao ni cha kawaida kama leseni ya dereva.

Nikaanza kusoma mwenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 5: marufuku kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Aliyefika 14 anaruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyomdhuru afya wala kumkosesha shule. Ukivunja, faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo cha mwaka 1, au vyote. Nimekipitia kifungu chote nikitafuta neno sanaa, filamu, tangazo, hata ngoma. Halimo.

Sasa yule mtoto wa tangazo ana miaka 5. Kwa usomaji wangu mimi wa kawaida, nimekuwa nikivunja sheria miaka 11 mchana kweupe, na bango liko barabarani kila mtu analiona. Hajaja mtu kuniuliza. Tatizo ninaloliona ni hili: mlango haupo, kwa hiyo wote tunaruka ukuta, na anayeruka ukuta hakuna anayemuuliza mtoto kamshika vipi.

Nitoe mfano, sitataja kampuni. Tulikuwa na tamthilia moja, kuna onyesho la mtoto kuamka usiku anamlilia mama yake. Ratiba ilisema saa moja jioni. Taa zikasumbua, muigizaji mkubwa akachelewa, tukafika saa nane usiku. Mtoto ana miaka 6, amelala kwenye kochi la vifaa. Dairekta akasema mwamsheni, usingizi huo ndio tunaoutaka. Akaamshwa, akalia kweli, tukapata picha nzuri sana. Akapewa soda. Soda hiyo niliinunua mimi. Asubuhi alitakiwa shuleni.

Na posho yake ilipokelewa na "anti" ambaye mpaka leo sijui ni anti wa upande gani.

Nauliza, hasa wanasheria na walioko nje: kibali hiki kipo nikakikosa kwa ujinga wangu, au hakipo? Na kama hakipo, tunafanyaje kwa sasa?

---

Kariakoo Asilia

Mkuu, naona unataka kuua soko. Mtoto akipiga tangazo moja analipa ada ya muhula, wewe unaleta habari za vibali. Ukiweka kibali tu, kesho kuna dirisha, keshokutwa kuna mtu dirishani anataka ya maji. Anayeumia ni yule mtoto wa Mbagala ambaye baba yake hana nauli ya kufuata karatasi Posta. Wenye watoto wa shule za kimataifa watapata kibali ndani ya siku moja.

Halafu sisi wote tumelelewa tukiuza maandazi na karanga. Tumekufa?

---

Wakili wa Buguruni

Mzee wa Lokesheni, umesoma vizuri kuliko baadhi ya wateja wangu wenye kampuni. Nikuongezee vitu ambavyo hukuvifikia.

Kwanza, utetezi mnaoutumia huko kwenye seti naujua: "Huyu hatujamwajiri, ameshiriki tu." Ndiyo maana mnaita posho, hamuiti mshahara. Utetezi huo ni dhaifu kwa pande mbili. Sheria ya Taasisi za Kazi, 2004, kifungu cha 61, inamchukulia mtu kuwa ni mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa hata kigezo kimoja tu kwenye orodha yake kimetimia. Kigezo cha kwanza: namna anavyofanya kazi inaongozwa na mtu mwingine. Niambie, ni kazi gani duniani inaongozwa na mtu mwingine kuliko ya mtoto mbele ya kamera? Simama hapa, angalia pale, cheka, rudia. Na upande wa pili, Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 77, inapoweka umri wa miaka 14 haisemi kuajiri peke yake. Inasema kumwajiri au kumshughulisha. Neno "ameshiriki" halikutoi hapo.

Pili, hiyo saa nane usiku yako. Sheria ya Mtoto inakataza mtoto kufanyishwa kazi usiku, na usiku wenyewe imeutaja: kuanzia saa mbili usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Hapo mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo hata yule wa miaka 16 mnayemuita "mkubwa" anaingia. Kifungu cha 78 kinasema kazi ni ya kinyonyaji ikimnyima mtoto afya au makuzi, ikizidi saa 6 kwa siku, isipolingana na umri wake, au akilipwa kisichotosha. Jipimeni wenyewe.

Tatu, swali lako la msingi. Mlango upo, ila uko kwenye jengo lingine. Mkataba namba 138 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1973, ule wa umri wa chini wa kuajiriwa, una ibara ya 8. Inasema mamlaka husika, baada ya kushauriana na vyama vya waajiri na vya wafanyakazi, inaweza kutoa ruhusa kwa mtoto mmoja mmoja avuke marufuku ya umri kwa mambo kama maonyesho ya sanaa. Ruhusa hiyo lazima itaje saa na masharti. Tanzania imeridhia mkataba huo mwaka 1998. Lakini kwetu mkataba wa kimataifa hauingii mahakamani kwa miguu yake, unasubiri Bunge liuandike kwenye sheria ya nyumbani. Umri wa 14 tukauandika. Ibara ya 8 siioni kwenye kifungu cha 5, siioni kwenye cha 77.

Kariakoo Asilia, maandazi ya mama yako ulikuwa unayauza wewe, na ukichoka unarudi kulala. Hapa kuna kampuni, kuna mkataba, kuna bango litakalokaa miaka miwili. Hizo karanga zako zinaingiaje?

---

Mzee wa Lokesheni

Wakili, ahsante. Hicho kifungu cha usiku kimenikata ini. Yaani nusu ya ratiba zangu ni kosa.

---

Fundi Taa

Mimi naogopa mkianza kuhesabu saa za watoto mtakuja kuhesabu na za mafundi taa. Endeleeni, nimekaa pale kwenye kivuli.

---

Binti Makorora

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Mimi Tanga ndiko nyumbani, ila naishi Los Angeles mwaka wa 9 sasa. Mwanangu wa kiume alifanya matangazo mawili akiwa na miaka 7, kwa hiyo hizi karatasi nimezijaza kwa mkono wangu, sikuzisoma gazetini.

Hapa California mtoto anapewa kibali chake mwenyewe, kwa jina lake, kutoka idara ya kazi ya jimbo. Kinaanzia mtoto wa siku 15. Ndiyo, siku 15, hajafikisha hata arobaini. Kibali cha miezi 6 hakina malipo. Kuna cha haraka cha siku 10 kwa anayeanza, hicho ni dola 50. Sehemu moja ya fomu anajaza shule: mahudhurio yake, maksi zake, afya yake. Maksi zikianguka, shule haisaini, na bila saini hakuna kibali. Mimi nilimuona mwalimu mkuu mara mbili.

Saa zimepangwa kwa umri. Wa miaka 6 mpaka 9, kama mwanangu, anakaa kazini saa 8 kwa ujumla, lakini kamera inamchukua saa 4 tu. Saa 3 ni masomo na saa 1 ni kupumzika na kula. Wa miaka 2 mpaka 6 ni saa 6 kazini, kamera saa 3. Usiku mwisho ni saa nne, na kama kesho si siku ya shule wanaruhusu mpaka saa sita na nusu. Mzazi wa mtoto wa chini ya miaka 16 lazima awe mahali anapomuona mtoto au kumsikia. Sikuruhusiwa hata kwenda kukaa garini.

Ila kilichonishangaza kuliko vyote ni mwalimu wa seti. Analipwa na kampuni, lakini kazi yake siyo hisabati peke yake. Ana mamlaka ya kumtoa mtoto pale akiona mambo si salama. Siku ya pili ya mwanangu, dairekta aliomba dakika kumi tu za nyongeza. Wewe unajua dakika kumi za dairekta. Yule mwalimu, mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba, akaangalia saa yake, akafunga daftari, akasema mtoto amemaliza. Watu wote wale, malori yote yale barabarani, na hakuna aliyebisha.

Fedha sasa. Asilimia 15 ya malipo ya mtoto kabla ya makato inakwenda moja kwa moja kwenye akaunti yake iliyofungwa, mpaka afike miaka 18. Mimi mama yake siwezi kuigusa bila amri ya mahakama. Wanaiita akaunti ya Coogan.

Huyo Coogan alikuwa mtoto, Jackie Coogan, ndiye yule aliyecheza na Charlie Chaplin kwenye The Kid ya 1921. Akawa tajiri wa mamilioni kabla hajaota ndevu. Baba yake akafa ajalini mwaka 1935, na mwaka huo huo Jackie akafikisha miaka 21, akaenda kwa mama yake na baba wa kambo kuuliza fedha zake. Hazikuwepo. Akawashtaki 1938. Sheria ya wakati ule ilikuwa upande wa mama: pato la mtoto ni mali ya mzazi. Mwisho wa kesi alitoka na dola 126,000 hivi. Watu wakachukia, sheria ikapitishwa 1939. Lakini ile ya kwanza ilivuja, maana iligusa tu mikataba iliyopelekwa mahakamani. Mpaka mwaka 2000 ndipo ilipoandikwa wazi kwamba fedha ni ya mtoto, siyo ya wazazi, na asilimia 15 ikawa lazima. Miaka 61, jamani. Jackie mwenyewe alishafariki 1984. Wanaopenda sinema za zamani wanamjua kwa uzee wake, yule mjomba mwenye kipara kwenye tamthilia ya familia ya Addams.

Kwa hiyo Kariakoo Asilia, na huku walianza na mtoto aliyeibiwa na mama yake mzazi. Na "anti" wa huyo mtoto wa saa nane usiku ana wenzake wengi.

---

Kariakoo Asilia

Dada, sikatai. Ila huko kuna mwalimu mwenye miwani ya kamba. Hapa huyo mwalimu atalipwa na nani? Shule yetu mwalimu mmoja ana watoto 90 darasani, wewe unataka mmoja akakae na mtoto mmoja kwenye kiyoyozi.

---

Mwananyuki 254

Wakuu, hapa Kenya pia tuko kwa hiyo shida tu. Sheria ya Ajira ya 2007 yasema chini ya miaka 13 hapana, kati ya 13 na 16 kazi nyepesi. Lakini wakati tuliridhia huo mkataba wa 138, mwaka 1979, serikali iliandika umri wetu ni 16. Kwa hivyo tuko na nambari mbili, na watoto wa matangazo ya unga na sabuni wako chini ya zote mbili. Nami nimeona seti ya Nairobi ambayo mtoto alikuwa na mlezi wake, kitanda chake na saa zake, kwa sababu pesa ilikuwa imetoka ng'ambo na mwenye pesa alitaka hivyo. Wiki iliyofuata, watu wale wale, mteja wa hapa nyumbani, mtoto akakaa kwa jua tangu asubuhi.

---

Msomi wa Pune

Kariakoo Asilia ana hoja kwenye bajeti, ndiyo maana nasema tuache kuangalia California. Tuangalie India. Nimesoma Pune miaka minne, na jirani yangu ghorofa ya chini alikuwa anatafuta watoto wa kuigiza kwenye tamthilia za Mumbai. Na kule umaskini upo, rushwa ipo, na darasa la watoto 90 lipo.

Mwaka 2016 walirekebisha sheria yao ya ajira ya watoto. Chini ya miaka 14 marufuku kazi zote, isipokuwa kusaidia familia baada ya shule, na usanii. Umeona? Wameutaja usanii kwa jina lake. Halafu kanuni za 2017 zikaweka masharti. Mtoto msanii asizidi saa 5 kwa siku, na asipite saa 3 mfululizo bila kupumzika. Kampuni inaomba ruhusa kwa hakimu wa wilaya, ambaye kwao ni mtawala, karibu sawa na mkuu wa wilaya wetu. Inapeleka orodha ya watoto, ridhaa ya wazazi, na jina la mtu atakayewaangalia. Mtu mmoja anaangalia watoto wasiozidi watano. Masomo yasikatike, na mtoto asifanye kazi zaidi ya siku 27 mfululizo. Na angalau asilimia 20 ya fedha zake iwekwe benki kwenye akaunti ya muda maalum kwa jina lake, azichukue akiwa mtu mzima.

Kuna mstari mmoja mle niliupenda: mtoto asishirikishwe bila yeye mwenyewe kutaka. Siyo mzazi, yeye.

Inafuatwa? Jirani yangu alikuwa anacheka nikimuuliza. Lakini alikuwa na fomu, na fomu ilikuwa na mahali pa kusaini, na aliposaini alikuwa anajua anasaini nini. Mzee wa Lokesheni yeye hata pa kusaini uongo hana.

---

Mzee wa Lokesheni

"Hata pa kusaini uongo hana." Msomi, umeniua. Hiyo ya mkuu wa wilaya inawezekana kabisa hapa kwetu. Kwenye lokesheni za mikoani huwa tunapita kwa mtendaji wa kata na serikali ya mtaa kabla ya kuteremsha hata tripodi. Ofisi ya ustawi wa jamii iko kila halmashauri. Ingekuwa karatasi moja tu ya ziada.

---

Mama Pacha

Jamani mimi nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Nina mapacha wa kike, miaka 4. Wiki iliyopita mtu alituona sokoni, akachukua namba. Tangazo la sabuni. Wanataka siku mbili. Wamenitumia mkataba kwenye simu, kurasa mbili. Nimeusoma, sijaona saa ya kumaliza. Kuna mahali wameandika picha zitatumika "popote na wakati wote". Na malipo ni ya mtoto mmoja, wanasema mapacha wanahesabika kama mhusika mmoja, akichoka huyu anaingia yule. Baba yao anasema nisaini tu, nafasi haiji mara mbili. Mnanishauri nini?

---

Binti Makorora

Mama Pacha, usisaini leo. Mwambie baba yao nafasi iliyokufuata sokoni itakungoja mpaka Jumatatu.

Hiyo ya mapacha wameiokota huku bila kuchukua sababu yake. California mtoto wa siku 15 mpaka miezi 6 anaruhusiwa kuwa kazini saa 2, lakini kamera inamchukua dakika 20 tu kwa siku, na taa kali isimmulike zaidi ya sekunde 30 kwa mara moja. Dakika 20 hazitoshi, ndiyo maana kwenye filamu mtoto mchanga mmoja huwa ni mapacha wawili: kila mmoja ana dakika zake. Ila kila mmoja ana kibali chake na malipo yake! Hawa wako wamechukua wawili kwa bei ya mmoja ili wasimalize mapema.

---

Wakili wa Buguruni

Mama Pacha, kwa maneno makavu: watoto wako wana miaka 4, na sheria nilizozitaja juu zinasema 14. Siwezi kukuandikia hapa kwamba ni halali. Kama utaamua kuendelea kama wanavyoendelea wengine, usikubali mkataba huo ulivyo.

Wewe ndiye unayesaini kwa sababu mtu wa chini ya miaka 18 hawezi kuingia mkataba, Sheria ya Mikataba kifungu cha 11. Kampuni inalijua hilo. Kwa hiyo kila kisichoandikwa humo ni hasara yako, na fedha ikiingia kwako hakuna sheria inayosema asilimia ngapi ni ya mtoto. Hilo utalilinda wewe. Akaunti za watoto kwenye benki zipo, ila nyingi mzazi anaweza kutoa. Mimi wa kwangu nimewaweka kwenye Mfuko wa Watoto wa UTT AMIS, ile kampuni ya mifuko ya uwekezaji wa pamoja, angalau mkono wangu uko mbali nao kidogo.

"Popote na wakati wote" kata. Andika nchi na miaka. Mtoto wa miaka 4 akifika 20 hataki kujiona kwenye sabuni ya mtu ambaye hajamlipa tena.

---

Mzee wa Lokesheni

Mama Pacha, mimi niko upande wa pili wa meza, kwa hiyo nakwambia wanachoweza kukubali. Saa watakubali, ukiziandika wewe kabla yao. Andika watoto wafike saa tatu asubuhi, waondoke saa tisa alasiri, na kila mmoja asizidi saa tatu mbele ya kamera. Wakikwambia haiwezekani, waambie wapange maonyesho ya watoto kwanza, ya wakubwa yafuate. Hilo linawezekana kila mara, ni uvivu wetu tu wa kupanga. Usafiri wao, siyo bodaboda. Chumba cha kulala chenye mlango. Wewe uwepo muda wote, na uandike kwamba ukisema basi, ni basi. Sabuni wanayotumia uione kopo lake kabla haijagusa uso wa mtoto. Kuna siku walimpaka mtoto povu la kitu cha kuoshea vyombo, kwa kuwa povu lake linadumu kwenye picha.

Malipo mawili. Hapo usirudi nyuma hata kidogo. Mapacha wanaofanana wanatafutwa kwa tochi mji huu, ukikataa hawana wa pili.

---

Baba Junia

Mnazungumzia kampuni. Mimi mwanangu ana miaka 7, namrekodi nyumbani anachekesha, ukurasa una wafuasi wengi, na maduka yananipa fedha. Hakuna dairekta, hakuna saa nane usiku. Na mimi nahitaji kibali?

---

Binti Makorora

Baba Junia, hilo ndilo jipya na ndilo linalogombewa sasa. Ufaransa walitunga sheria Oktoba 2020 kwa watoto wa chini ya miaka 16 wa mitandaoni: ikifikia kuwa kazi unaomba ruhusa serikalini, na sehemu ya fedha inafungiwa kwenye taasisi ya serikali mpaka mtoto akue. Jimbo la Illinois huku Marekani, tangu Julai 1, 2024, mtoto akionekana kwenye angalau asilimia 30 ya video zinazolipa, mzazi lazima amwekee fungu lake. California wakaongeza watoto wa mitandaoni kwenye sheria ya Coogan kuanzia Januari 1, 2025.

Swali langu kwako dogo tu: video ikikosewa, huwa mnarudia mara ngapi?

---

Baba Junia

Inategemea. Ya juzi tulirudia kama mara 15 hivi. Alikuwa anasinzia.

---

Fundi Taa

Haya, dairekta amejitokeza.

---

Mama Pacha

Narudisha majibu. Nimewapelekea maandishi Jumatatu kama mlivyonielekeza. Saa wamekubali, tatu mpaka tisa. Malipo mawili walikataa asubuhi, wakapiga jioni wakakubali. "Popote na wakati wote" imekuwa Tanzania, miaka 2. Nilipoomba fungu la kila mtoto liende kwenye akaunti yake, wamegoma. Wanasema mfumo wao unalipa namba moja ya simu tu, na namba waliyoandika kwenye mkataba ni ya baba yao, mimi sikuiandika.

---

Mzee wa Lokesheni

Usisaini bado. Mfumo huo naujua, unalipa namba hata kumi kwa siku. Nitumie inboksi jina la mhasibu aliyekwambia hivyo.